Mabomba Kwanza, Jiko Baadaye

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi juu ya kuhamisha mabomba ya maji wakati wa kupanga jiko jipya

Miongoni mwa kazi ambazo vyama vya msingi huzifanya kwa fedha zao wenyewe, ujenzi wa jiko huonekana kuwa kazi ndogo. Chama chenye ghala la zamani, au chumba kilichokuwa kikitumika kupimia mazao, huamua kuligeuza jengo hilo liwe mgahawa wa wanachama, au nyumba ya wageni, au bweni la watu wanaohudhuria mafunzo. Mkutano Mkuu hupitisha fedha, kamati ya ujenzi huchaguliwa, na mchoro wa jiko huletwa mezani. Katika mchoro huo pana meza, pana majiko, pana kabati za vyombo, na chini ya dirisha lenye mwanga mzuri pana sinki. Wajumbe huutazama, huusifu, na mchoro hupitishwa. Mabomba hayamo.

Hapo ndipo hasara huanzia. Baada ya wiki chache fundi bomba huitwa, naye huuliza swali ambalo halikuulizwa mkutanoni: maji machafu yatapita wapi? Jibu likikosekana, sakafu iliyokwisha kupigwa sementi huvunjwa, ukuta uliokwisha kupigwa lipu hupasuliwa, na bajeti iliyopitishwa kwa makofi hurudi mkutanoni kuomba nyongeza. Fedha ya kuvunja na kujenga upya haitoki mfukoni mwa mchoraji. Hutoka katika makato ya mkulima, katika kila kilo ya kahawa, pamba au korosho aliyoileta ghalani.

Nia ya mazungumzo haya ni kueleza jambo moja tu, nalo ni hili: mahali pa sinki hapachaguliwi kwa macho, huchaguliwa kwa kipimo. Anayetaka kupanga jiko hana budi kuanza chini ya sakafu, ndipo apande juu ya meza.

Maji ya aina mbili, tabia mbili

Katika jiko lolote hupita maji ya aina mbili. Yapo maji safi yanayoingia, na yapo maji machafu yanayotoka. Watu wengi huyafikiria pamoja, kwa kuwa yote hupita katika mabomba na yote hukutana kwenye sinki. Lakini tabia zao ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi nzima.

Maji safi husukumwa. Yakiwa yatoka katika tangi lililo juu ya mnara, au katika bomba kuu la mji, nyuma yake pana nguvu inayoyasukuma. Kwa sababu hiyo yaweza kupanda ukuta, kupita darini, kuzunguka mlango na kushuka tena. Bomba lake ni jembamba, na fundi hodari aweza kulipitisha karibu popote.

Maji machafu hayasukumwi na kitu. Huteremka kwa uzito wake yenyewe, na kamwe hayapandi mlima. Zaidi ya hayo, hayaendi peke yake. Hubeba mafuta, punje za wali, maganda na majani ya chai. Bomba lake ni nene, halipendi kona, na lazima lilale kwa mteremko kutoka mwanzo hadi mwisho. Likiinuka kidogo mahali pamoja, hapo ndipo uchafu utakapotuama, na hapo ndipo litakapoziba.

Kwa hiyo kuhamisha koki ya maji safi ni kazi ya siku moja au mbili. Kuhamisha njia ya maji machafu ni kazi ya kuvunja sakafu. Kamati inayoelewa tofauti hii huuliza kwanza juu ya maji machafu, na huacha maji safi yafuate.

Kwa nini watu hutaka kulihamisha sinki

Haifai kudhani kwamba kila anayetaka kulihamisha sinki anafanya anasa. Jiko lililopangwa vibaya humchosha mpishi. Ikiwa sinki liko pembe moja, jiko la moto pembe nyingine, na meza ya kukatia katikati ya njia, mpishi hutembea kutwa nzima akiwa amebeba sufuria nzito na maji ya moto.

Jambo hili lilifikiriwa zamani. Mwaka 1926, huko Frankfurt nchini Ujerumani, mbunifu wa majengo Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi zilizokuwa zikijengwa na mji huo. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi. Sinki, meza na jiko la moto vilipangwa ili mwenye kupika asipoteze hatua. Majiko ya namna hiyo yalijengwa kwa maelfu, na mafunzo yake yangali yanafuatwa hata leo.

Lakini pana tofauti moja ambayo kamati za ujenzi hazina budi kuikumbuka. Jiko la Frankfurt lilichorwa kabla nyumba hazijajengwa, na mabomba yakawekwa kulifuata jiko. Chama kinachogeuza ghala kuwa mgahawa hakina nafasi hiyo. Jengo lipo tayari, sakafu ipo, na njia ya maji machafu imekwisha kulala ardhini. Hapo jiko ndilo lenye kuyafuata mabomba. Sinki ni mwenyeji, na vyombo vingine vyote ni wageni: meza, kabati na majiko ya moto vyaweza kusogezwa na watu wawili kwa dakika chache, ilhali sinki husogezwa kwa sururu na sementi. Mara nyingi hatua za mpishi hupunguzwa kwa kuvileta vyombo vingine karibu na sinki, pasipo kuligusa sinki lenyewe.

Hesabu ambayo kila katibu aweza kuifanya

Ikiwa baada ya kufikiri hivyo bado pana haja ya kulihamisha sinki, hesabu ndogo lazima ifanywe kabla ya mkutano. Haihitaji mhandisi. Yahitaji futi kamba, kalamu na karatasi.

Kipimo kinachotumiwa na mafundi kwa bomba la maji machafu la inchi 4, yaani milimita 100, ni mteremko wa 1 kwa 40. Maana yake, kila bomba linapokwenda mita 1, lishuke sentimita 2 na nusu. Mafundi wa zamani walikuwa na njia rahisi ya kukumbuka: inchi za upana wa bomba huzidishwa kwa 10. Bomba la inchi 4 huteremka 1 kwa 40, na la inchi 6 huteremka 1 kwa 60.

Sasa uchukuliwe mfano. Nje ya ukuta wa mashariki pana chemba, yaani kile kisanduku cha zege chenye mfuniko ambamo maji machafu hukutana kabla ya kwenda katika tangi la maji taka. Mfuniko ukifunuliwa, huonekana mahali bomba linapoingia. Kamati hupima kina kutoka usawa wa sakafu ya ndani hadi upande wa chini wa bomba hilo. Tuseme kina ni sentimita 50. Mchoro mpya unataka sinki liwe ukuta wa magharibi, umbali wa mita 8.

Mita 8 zikizidishwa kwa sentimita 2 na nusu ni sentimita 20. Hivyo, ili maji yafike kwenye chemba kwa mteremko unaofaa, bomba chini ya sinki jipya litakuwa katika kina cha 50 kutoa 20, yaani sentimita 30. Bomba lenyewe lina unene wa sentimita 10. Juu yake hubaki sentimita 20, ambazo zatosha kwa udongo kidogo na zege ya sakafu. Kazi yawezekana.

Lakini chemba ikiwa na kina cha sentimita 30 tu, hesabu hugeuka. 30 kutoa 20 ni 10. Bomba la sentimita 10 litakuwa limelala sawasawa na sakafu, na mgongo wake utaonekana pale wapishi wanapokanyaga. Kazi haiwezekani kwa njia hiyo, hata mchoro ukipigiwa kura na wanachama wote. Katika chemba hiyo hiyo, sinki likiachwa umbali wa mita 2, bomba litapanda sentimita 5 tu, na kina kitakuwa sentimita 25. Jengo ni lile lile, na fundi ni yule yule. Kilichobadilika ni mita 6 katika karatasi.

Mahali hesabu inapokataa, zipo njia nyingine, na kila moja ina gharama yake. Chemba yaweza kuchimbwa zaidi, lakini yenyewe nayo lazima iteremke hadi kwenye tangi, na mdomo wa tangi haushuki. Sakafu yaweza kuinuliwa upande wa sinki, lakini ngazi katikati ya jiko ni hatari kwa mtu aliyebeba sufuria ya maji yanayochemka. Pampu yaweza kuwekwa, lakini umeme ukikatika sinki nalo husimama. Njia iliyo nyepesi kuliko hizo ni kupitisha bomba la milimita 50 juu ya sakafu kando ya ukuta, kwa kuwa tundu la sinki liko juu ya sakafu na pana nafasi ya kuteremka. Njia hii hufaa mradi bomba lisikatize mlango, na mradi liwekewe bomba la kupumulia iwapo ni refu.

Huenda fundi mwenye haraka akashauri mteremko upunguzwe ili kazi ipite. Katika bomba lipitishalo maji ya jiko, shauri hilo halifai. Mafuta ya kupikia huingia yakiwa ya moto na majimaji, kisha hupoa njiani na kuganda. Maji yaendayo polepole huyaacha, na mwaka haupiti kabla fundi hajaitwa tena kuzibua.

Kujua kilichomo ardhini

Hesabu hiyo yote hutegemea jambo moja: kujua mabomba ya zamani yako wapi. Katika majengo ya ushirika, jambo hili lina ugumu wake. Vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania Bara vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikatungwa mwaka 1982. Jengo lililokuwapo kabla ya hapo huenda limepita mikononi mwa wasimamizi kadhaa, na ramani yake aghalabu haionekani katika jalada lolote.

Hata hivyo, jengo lenyewe hueleza habari zake kwa mwenye subira. Kwanza, mifuniko yote ya chemba itafutwe na kufunuliwa. Ipo inayofunikwa na udongo na majani kwa miaka mingi. Pili, maji yaliyotiwa bluu ya kufulia yamiminwe katika sinki la zamani, na mtu mmoja asimame kwenye kila chemba kutazama yatatokea wapi, na baada ya muda gani. Yakichelewa sana au yasitokee kabisa, bomba limeziba au limepasuka, na hakuna maana ya kuunganisha sinki jipya katika njia iliyokufa. Tatu, kwa upande wa maji safi, koki zote zifungwe na mita ya maji isomwe, kisha isomwe tena baada ya saa moja. Namba zikiwa zimesogea, lipo bomba linalovuja mahali pasipoonekana.

Mteremko wenyewe hupimwa kwa kifaa ambacho waashi wanacho tayari: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji pasipo kuacha mapovu ndani yake. Ncha moja huwekwa kwenye chemba na ya pili mahali pa sinki jipya. Maji katika ncha zote mbili husimama usawa mmoja. Kutoka usawa huo hupimwa kwenda chini kila upande, na tofauti huandikwa. Mpira huo hautamdanganya mtu, hata sakafu ikiwa imepinda.

Habari za maji safi

Imesemwa kwamba maji safi hupita popote. Hiyo si ruhusa ya kuyapitisha ovyo. Nguvu ya maji yatokayo katika tangi hutegemea kimo cha tangi hilo. Mita 10 za kimo huleta msukumo wa baa 1. Tangi ambalo maji yake yako mita 4 juu ya koki huleta sehemu 4 tu kati ya 10 za baa. Huo ni msukumo mdogo, na hupungua zaidi katika kila mita ya bomba jembamba na katika kila kona. Kwa hiyo mahali jiko linapohamishwa mbali na tangi, yafaa bomba la inchi 1 au robo tatu inchi lifike hadi karibu na sinki, ndipo lipunguzwe kuwa nusu inchi. Bomba la nusu inchi likianzia kwenye tangi, mpishi atangoja ndoo ijae huku moto ukiungua bure.

Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, ambayo hupatikana katika majengo mengi ya zamani, huliwa na kutu kutoka ndani. Kwa nje huonekana mazima, lakini tundu limebaki jembamba. Fundi akikata kipande na kukuta hali hiyo, si busara kuunganisha bomba jipya kwa lile la zamani na kufunika. Yafaa bomba lote la jiko libadilishwe wakati ukuta uko wazi, kwani kufungua ukuta ndiyo gharama kubwa, na gharama hiyo imekwisha kulipwa.

Mabomba ya plastiki nayo hayafanani. Yale ya PVC hulegea kwa maji ya moto, na hayafai kwa bomba litokalo kwenye chombo cha kuchemshia maji. Yale ya PPR huvumilia maji ya moto, nayo huunganishwa kwa kuyeyushwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi. Ungio lililofanywa vizuri huwa kitu kimoja na bomba. Lililofanywa kwa haraka huziba tundu ndani, na halionekani kwa nje. Kwa sababu hiyo fundi asiyekuwa na mashine yake, na anayetaka kupasha bomba kwa moto wa mkaa, hafai kupewa kazi hiyo.

Valvu ya kufungia maji ya jiko peke yake isisahauliwe. Bila hiyo, koki moja ikiharibika jengo zima hukosa maji. Vilevile mdomo wa koki uwe juu ya ukingo wa sinki kwa milimita 25 au zaidi. Nafasi hiyo ndiyo huzuia maji machafu yasifyonzwe na kurudi katika bomba la maji ya kunywa, wakati msukumo unapokatika na sinki limejaa.

Harufu, mafuta na afya

Chini ya kila sinki pana bomba lililopinda kama herufi U. Watu wengi hudhani limepinda kwa sababu ya nafasi. Sivyo. Mpindo huo hubakiza maji kidogo daima, na maji hayo ndiyo kizibo cha kuzuia harufu na mende wasipande kutoka katika tangi la maji taka. Sinki likihamishwa mbali na bomba likawa refu mno, maji yanayokimbia huvuta na kile kizibo, kisha harufu huingia jikoni. Vipimo vya Uingereza huweka kikomo cha mita 3 kwa bomba la milimita 40, na mita 4 kwa bomba la milimita 50. Zaidi ya hapo lazima liwepo bomba la kupumulia, lipandalo hadi juu ya paa. Harufu ikisikika katika jiko jipya, mara nyingi dawa ya kumwaga haisaidii. Kilichokosekana ni pumzi.

Jiko la mgahawa hutoa mafuta mengi kuliko jiko la nyumbani. Kati ya sinki na chemba panahitajika kisanduku cha kunasa mafuta, ambamo mafuta huelea na maji hupita chini yake. Kisanduku kijengwe mahali panapofikika, maana kisiposafishwa ni sawa na kutokuwapo. Kanuni ifuatwayo na wengi ni kukisafisha kabla mafuta na taka havijafika robo ya kina chake. Jina la mtu mwenye kazi hiyo liandikwe, wala isiachwe kuwa kazi ya kila mtu.

Mwisho, kuhamisha jiko kwaweza kumaanisha kuhamisha shimo la maji machafu pia. Hapo chama kisitazame urahisi wa kuchimba peke yake. Shimo liwe mbali na kisima cha maji ya kunywa kwa mita 30 au zaidi, na liwe upande wa bondeni kuliko kisima. Chama kilichoundwa kwa faida ya wanachama hakiwezi kuokoa mita chache za bomba kwa kuyatia hatarini maji ya kijiji.

Ukuta na sakafu

Fundi bomba hutazama njia ya bomba lake, na si kazi yake peke yake kuutazama usalama wa jengo. Hilo ni jukumu la fundi mwashi na la kamati. Mchirizi unaokatwa katika ukuta kwa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na ule wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Katika ukuta wa tofali la milimita 150, hiyo ni milimita 50 kwa wima na milimita 25 kwa kulala. Tofali zenye matundu zahitaji uangalifu zaidi. Boriti na nguzo zenye nondo zisikatwe kamwe. Bomba lisilopata njia ila kwa kukata nondo halijapata njia.

Wajibu wa katibu

Katika mambo yote hayo, katibu hatakiwi kuwa fundi. Atakiwa kuwa mtunzaji wa utaratibu. Kabla mchoro wa jiko haujafika mbele ya Bodi, katibu na ahakikishe kwamba umeambatana na karatasi moja yenye vipimo vitatu: umbali kutoka sinki jipya hadi chemba, kina cha chemba, na kimo cha tangi la maji safi. Mchoro usiokuwa na vipimo hivyo urudishwe kwa kamati ya ujenzi. Mpishi naye aitwe na kuulizwa, maana yeye ndiye atakayesimama hapo kila siku, na mara nyingi ndiye ajuaye sinki la zamani huziba mwezi gani na kwa sababu gani.

Katika mkataba wa fundi, sehemu ya malipo izuiliwe hadi majaribio yafanyike, na majaribio yafanyike kabla chochote hakijafunikwa. Mabomba ya maji safi yajazwe na kupimwa kwa msukumo unaozidi ule wa kawaida kwa nusu yake, kisha kila ungio litazamwe. Kwa maji machafu, masinki yote yajazwe hadi ukingoni na kufunguliwa kwa pamoja. Maji yaondoke bila kurudi, viungo vibaki vikavu, na kila mpindo wa U ubaki na maji yake. Fundi wa kweli hukubali masharti hayo. Anayeyakataa amekwisha kujieleza.

Na kabla sakafu haijafungwa, mabomba yapigwe picha yakiwa wazi, futi kamba ikiwa imelazwa kando yake. Picha za simu zatosha, mradi zichapwe na kutiwa katika jalada. Pamoja nazo uwekwe mchoro unaoonyesha kila bomba kwa vipimo kutoka pembe mbili za jengo, pamoja na tarehe na aina ya mabomba. Nakala ya pili ikae mahali pengine, kwa kuwa jalada moja hupotea.

Ndugu Makatibu, Ndugu Wanachama, viongozi hubadilika na mafundi huhama. Bomba hubaki chini ya sakafu kwa miaka 30 au 40, na siku litakapoziba, waliolilaza huenda hawapo. Karatasi hiyo moja katika jalada ndiyo itakayomwonyesha katibu ajaye mahali pa kuchimba, akachimba shimo moja badala ya kuvunja jiko zima. Vyama ambavyo sasa vinafikiri kujenga au kugeuza majiko vinashauriwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho cha Bodi, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa sementi.